Ulizeni Namba Kabla ya Kupiga chown

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya seva hapa Arusha na kwa jirani zetu wa Moshi, naandika kwa sababu nimeona tena chown -R, amri ya kubadilisha mwenye folda na vyote vilivyomo, ikipigwa kwenye folda ya mtumiaji wa FreeIPA (mfumo unaotunza akaunti za mashine zote mahali pamoja) na mtu ambaye hajauliza kwanza namba ya mtumiaji huyo. Bidii yenu naiona na naipenda, lakini kosa hili limenichosha.

1. Diski haijui jina la mtu. Inachohifadhi ni UID, yaani namba ya mwenye faili, na GID, namba ya kundi. Jina mnaloliona kwenye ls -l hutafutwa wakati huohuo, ama kwenye /etc/passwd, orodha ya akaunti za mashine yenyewe, ama kwa SSSD, programu inayoleta akaunti za kati kutoka FreeIPA. Zoeeni ls -ln, inayoonyesha namba badala ya jina, na kabla ya kugusa umiliki wowote pigeni getent passwd, inayoonyesha akaunti na namba yake, mkitaja jina la mhusika, kwani msipolitaja SSSD kwa kawaida haiwaorodheshi watumiaji wa kati, nanyi mnaharakisha kudhani kwamba akaunti haipo.

2. Getent ikikaa kimya, tulieni. Katika ofisi moja ya hapa mjini, ambayo seva yake ya akaunti ilikuwa tawi la Moshi, faiba ilikatika asubuhi ambayo mhasibu mpya alikuwa anaanza kazi. Kwa kuwa hakuwahi kuingia kwenye mashine za Arusha, SSSD haikuwa na kumbukumbu yake yoyote, na amri ya id ikajibu kwamba hayupo. Kijana wa zamu, akimwonea huruma mama wa watu aliyekaa bila kazi, akaunda akaunti kwa useradd kwenye seva ya mafaili kwa jina lilelile, akapewa UID 1001, kisha akapiga chown -R kwenye folda iliyokwisha kuandaliwa. Ls -l ikaonyesha jina sahihi na kila mtu akaridhika.

Faiba iliporudi, mhasibu aliingia kwenye kompyuta yake kwa akaunti ya kati, yenye UID ya mamilioni, na folda yake ikamkatalia. Hilo lilikuwa dogo. Folda zile zilisambazwa kwa NFS (mfumo wa kushirikisha folda kwenye mtandao) ya sec=sys, ambayo huamini namba inayoletwa na mashine ya mteja, na 1001 kwenye kompyuta za chumba cha mafunzo ilikuwa akaunti ya pamoja ya wanafunzi wa fildi. Mafaili ya mishahara, yenye ruhusa ya 600 (mwenye faili tu kusoma na kuandika), yakawa mali yao. Tena nsswitch.conf ya seva, faili linalopanga jina litafutwe wapi kwanza, ilitanguliza files (yaani /etc/passwd) kabla ya sss (SSSD), hivyo kila aliyerekebisha kwa kutumia jina alirudishiwa 1001 ileile, na watu wazima wenye uzoefu walihangaika hadi jioni huku kila amri ikionekana kufaulu.

Dawa ilikuwa kufuta akaunti ya seva kwa userdel bila -r (mkiiweka -r, folda nayo inafutwa), kusafisha kumbukumbu kwa sss_cache -E, kuhakikisha getent inaleta namba ya kati, kisha kupiga, ndani ya folda ile tu, find -xdev -uid 1001, inayotafuta mafaili ya 1001 tu, pamoja na chown -h, isiyofuata viungo. Kwenye chown andikeni jina likifuatwa na nukta mbili peke yake, na chown itachukua kundi la msingi la mtumiaji bila ninyi kulibahatisha.

3. Folda mpya iachieni oddjob-mkhomedir, huduma inayounda folda ya nyumbani mtumiaji anapoingia mara ya kwanza, ambayo huweka na lebo ya SELinux, mfumo wa ulinzi wa Linux. Mkdir ya mkono huwaletea kazi ya kusahihisha lebo hiyo kwa restorecon.

4. Chown ikikataliwa kwenye NFS japokuwa ninyi ni root (msimamizi mkuu wa mashine), hiyo ni root_squash, kinga inayoinyima root ya mteja mamlaka kwenye folda za seva, inafanya kazi yake. Nendeni mkafanye kazi hiyo kwenye seva yenyewe, na kinga hiyo msiizime.

5. Ufunguo wa SSH (wa kuingia kwenye mashine kwa mbali) ukikataliwa ghafla baada ya kubadilisha umiliki, angalieni mwenye folda ya nyumbani, .ssh na authorized_keys, na kama kundi lina ruhusa ya kuandika humo, kabla ya kumwagiza mtumiaji atengeneze ufunguo mwingine.