Re: Mbona tope la ziwani linanuka mayai viza?
Mkuu umeuliza mbona ukikanyaga tope chini ya magugu maji huko Kirumba linatoa mapovu na kunuka mayai viza. Iko hivi, chimba hata kwa kidole utakuta jeusi tii, oksijeni imeshamalizwa na bakteria wa juu, sasa wa chini inabidi wapumulie kitu kingine, wengine wanatumia salfeti (chumvi yenye salfa iliyomo majini) ndo inatoka hiyo gesi inayonuka, ikikutana na chuma tope linakuwa jeusi. Mapovu mengi ni methani, haina harufu, wanaoitengeneza hata si bakteria, wanaitwa akea, vijidudu vya kundi lingine kabisa. Ila maisha ya huko chini bila oksijeni magumu, molekuli moja ya glukosi (sukari) ikichachushwa bila oksijeni inatoa ATP 2 tu (ATP ndo nishati inayotumiwa na seli), ikiwepo oksijeni zinafika kama 30. Na hao akea hewa ni sumu kwao 😂