Tupa Kwanza, Randa Baadaye

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninajifunza useremala hapa Lamu, na fedha nilizonazo zinatosha kifaa kimoja tu. Ninachonga mipini na miguu ya viti. Ninunue randa au tupa?

JIBU: Marahaba. Nunua tupa ya mbao yenye upande mmoja bapa na wa pili uliobinuka, kwa kuwa randa ya kawaida, ambayo chini yake ni bapa, haiingii penye mbonyeo. Mikwaruzo itakayobaki iondoe kwa msasa namba 80, kisha 120 na 180, ukisugua kwa kufuata nyuzi. Randa utaihitaji kwa ubao mpana, na kwa mbambakofi, mti mgumu usiosamehe, kisu chake kinolewe hadi kinyoe malaika ya mkono, kisha kitokeze kidogo mno.