Nani humwotesha kifaranga bawa?

SWALI: Nikimulika yai la siku ya nne kwa tochi naona mishipa tu. Bawa linaanza lini?
Mfugaji, Singida

JIBU: Limeshaanza, ndugu yangu, ila tochi yako haioni. Kwenye siku ya tatu jeni ya FGF10, inayotengeneza protini ya kuchochea ukuaji, hufanya kazi ubavuni mwa kiinitete na kuamsha jeni nyingine ya aina hiyo, FGF8, kwenye ukingo wa kichipukizi cha bawa. Zinachocheana, bawa linarefuka. Mwaka 1948 mwanabiolojia John Saunders aliukata ukingo huo. Bawa likatoka kigutu. Kinachonishangaza mpaka leo ni cha mwaka 1995: watafiti walipachika kishanga chenye protini ya FGF katikati ya bawa na mguu, kikaota kiungo cha ziada! Mimi ningekitupa nikidhani ni uchawi.