Umetoka Rangi ya Maji, Umeingia Gwashi: Tope Linatoka Wapi?

Msomaji mmoja aliyezoea rangi ya maji amenunua gwashi, rangi nzito ya maji inayofunika kilicho chini yake, na analalamika kuwa kila akipaka tabaka la pili picha inageuka tope. Wengi hukimbilia kulaumu rangi. Rangi haina kosa. Mkono ndio haujahama.

Rangi hizi mbili ni ndugu. Zote hushikwa na gundi ya mgunga, ile inayovunwa Sudan na hata kaskazini mwa Kenya. Gwashi imejazwa chembe za rangi nyingi zaidi, na baadhi ya watengenezaji huongeza chaki, ndiyo maana hufunika kilicho chini. Lakini gundi ni ileile, na maji huiyeyusha hata ikishakauka. Sugua brashi iliyolowa juu ya bluu kavu, bluu itaamka na kuingia kwenye njano yako.

Kwa hiyo tabaka la kwanza lipake jepesi, uliache likauke hadi ukiligusa kwa mgongo wa kidole usisikie ubaridi. La pili lichanganye liwe zito kama mtindi. Chovya brashi, ipanguse kwenye kitambaa, paka mara moja au mbili, kisha achana napo. Kurudiarudia ndiko kunakoharibu. Brashi bapa ya nyuzi za sintetiki inafaa kuliko ile laini ya manyoya, ambayo hubeba maji mengi mno. Unene nao una mpaka: gundi husinyaa ikikauka, na tabaka nene hupasuka, hasa karatasi ikijikunja. Tumia karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, uibane ubaoni kwa tepu pande zote nne.

Acheni pia kuogopa nyeupe! Kwenye rangi ya maji weupe ni wa karatasi; huku unaupaka, tena mwishoni. Nunua tyubu kubwa ya nyeupe ya titani, maana ndiyo huisha kwanza. Nyeupe ya zinki haina nguvu ya kufunika, iwekeni kwa ukungu na moshi. Ila msiangaze kila kitu kwa nyeupe, picha nzima itapauka. Jani lililopigwa na jua liangazwe kwa njano kwanza, nyeupe ije kidogo tu.

Jambo linalowashangaza wageni ni rangi kubadilika ikikauka: za giza hufifia kidogo, nyepesi huwa na giza kidogo. Jaribu kwenye kipande cha karatasi ileile, subiri kikauke, ndipo uamue. Na changanya ya kutosha eneo lote, kwani kuipata tena ileile ni kazi.

Paleti, yaani sahani ya kuchanganyia rangi, isikauke: chukua bati lenye kifuniko, tandika tishu za jikoni zilizolowa, juu yake karatasi ya kuokea, uweke rangi hapo. Ikianza kunuka uvundo, tupa. Rangi iliyokauka huamka kwa maji, lakini kwa eneo kubwa kamua mbichi.

Soma lebo kabla ya kulipa. Gwashi ya akriliki, ambayo hushikwa na plastiki badala ya gundi ya mgunga, haiamki ikikauka, na ikikaukia kwenye brashi, brashi imekwenda.

Picha ikikamilika usiipake vanishi, kwa sababu hutia giza na kubadilisha rangi. Ifremu nyuma ya kioo, ukiweka ukingo wa kadibodi katikati ili rangi isigusane na kioo.