Anza na karani wa takwimu

Vijana wa afya ya jamii wanaoniomba ushauri huniuliza watampataje mkubwa wa kuwashika mkono. Mimi huwauliza kwanza: unamjua anayejaza rejista unazozichambua?

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukagua ripoti za kila wiki za ufuatiliaji wa magonjwa. Tarakimu ikinitia shaka, nilimpigia simu aliyeijaza. Nikimaliza uchambuzi, nilimrudishia matokeo, jambo ambalo hufanywa na wachache mno. Undugu ni kufaana. Baadhi ya wale makarani na wauguzi leo ni waratibu wa miradi, na nafasi zangu mbili nzuri zaidi nilizisikia kwao kabla hazijatangazwa.

Taaluma yetu yenyewe ilijengwa hivyo. John Snow, daktari wa Uingereza, anakumbukwa kwa hoja yake kwamba maji ya pampu ya Broad Street, London, ndiyo yaliyoeneza kipindupindu cha mwaka 1854. Lakini orodha ya vifo aliipata kwa William Farr, mtakwimu wa ofisi ya usajili. Naye Henry Whitehead, kasisi wa mtaa ule, alianza kuchunguza akiamini Snow amekosea. Kwa kuwa alizijua familia nyumba kwa nyumba, ndiye aliyembaini mtoto mchanga aliyeugua mapema, ambaye maji yaliyofulia nepi zake yalimwagwa shimoni karibu na kisima. Hoja ya Snow ikapata nguvu kupitia mtu aliyeipinga. Kwa hiyo usiwakwepe wanaokupinga kwa hoja.

Ukimwandikia mtafiti usiyemjua, soma makala yake moja hadi mwisho, kisha muulize swali moja ambalo jibu lake halimo humo. Usiambatanishe wasifu wako. Mkutanoni, nenda kwenye mabango ya utafiti. Mwenye bango amesimama pale akitamani kuulizwa, na aghalabu ni kijana mwenzako.

Uwe pia na ujuzi wa kuwafaa watu: R, ya kuchambua takwimu, na QGIS, ya kuchora ramani, ni programu za bure, na anayeweza kuchora ramani safi ya mlipuko wa ugonjwa huitwa kwenye vikao vingi.

Kuhusu kujitolea bila malipo, ninalo sharti. Pawe na muda maalumu, msimamizi anayesoma kazi yako, na ahadi ya maandishi kwamba jina lako litaingia kwenye ripoti. Yakikosekana hayo, kataa kwa adabu, uendelee kutafuta.