Maswali ya wasomaji: gitaa la Katanga, luti na kinubi cha Ayalandi

Swali (msomaji wa Katuba, Lubumbashi): Ndugu wahariri, jambo. Ninapiga gitaa la nailoni kwa kidole gumba na cha shahada, namna ya wazee wetu wa Katanga. Nikisikiliza luti ya kale ya Ulaya na kinubi cha Waselti, naona kama vinasemezana. Kuna uhusiano? Na gitaa langu linaweza kuvifuata?

Jibu: Jambo sana, ndugu. Ukoo ni tofauti. Luti imetokana na udi wa Waarabu, ule unaoujua katika taarabu ya Zanzibar. Kinubi cha Ayalandi na Uskoti kilikuwa na nyuzi za shaba na njia yake yenyewe. Lakini vilikutana mapema. Vincenzo Galilei, mpiga luti wa Italia na baba yake mwanasayansi Galileo, alikizungumzia kinubi cha Waayalandi katika kitabu chake cha 1581. Kwa mfalme James I, London, mpiga kinubi Cormac MacDermott aliajiriwa hadi alipofariki 1618, na tangu 1612 mpiga luti John Dowland naye alilipwa na mfalme huyohuyo. Huko Uskoti, daftari la luti la Straloch, la 1627 hadi 1629, lina vipande vinavyoitwa «port», aina ya tuni ya wapiga vinubi.

Gitaa lako linatosha. Shusha uzi wa 3 kutoka sol hadi fa dieze, kisha weka kapo (kibano cha shingo) kwenye freti ya 3: kuanzia uzi mnene umepata sol, do, fa, la, re, sol, mpangilio wa sauti wa luti ya karne ya 16. Gumba na shahada unavyo tayari, ila kazi yake si ileile. Kwako gumba hushika besi, shahada huimba. Kwenye luti vyote viwili hupokezana katika tuni moja: gumba kwenye pigo zito, shahada kwenye jepesi, na gumba hupita chini ya vidole kuelekea kiganjani.

Tofauti kubwa iko kwenye kuisha kwa sauti. Nyuzi za luti, za utumbo wa wanyama, hunyamaza upesi, kwa hiyo mpigaji hutafuta kila njia ya kuacha noti ziendelee kulia. Shaba hulia muda mrefu, kwa hiyo mpiga kinubi hutumia nusu ya akili yake kuzima nyuzi. Ujaribu hivi, bila kapo, uzi wa 3 ukiwa bado fa dieze: re, uzi wa 4 wazi, mi, uzi wa 5 freti 7, fa dieze, uzi wa 3 wazi, sol, uzi wa 4 freti 5, la, uzi wa 3 freti 3, si, uzi wa 2 wazi, do dieze, uzi wa 3 freti 7, re, uzi wa 2 freti 3. Hakuna noti mbili jirani kwenye uzi mmoja, basi zinapandana kama kinubi. Mkono wa kushoto ukiachia mapema, umerudi kwenye gitaa la kawaida. Baadaye rudia kwa kuzima: unapopiga mi, rudisha gumba juu ya uzi wa 4. Ukichelewa ni matope. Ukiwahi, tuni inakatikakatika. Sehemu hii ndiyo ngumu, na wengi huiruka.

Swali (msomaji wa Kadutu, Bukavu): Kucha ndefu au fupi?

Jibu: Dada, inategemea unafuata nani. Luti ya karne ya 16 ilipigwa zaidi kwa nyama ya kidole, kwani nyuzi zake ni jozi na ukucha hugonga moja, ukiruka ya pili. Kinubi cha shaba kilitaka kucha. Lakini kwenye mkutano wa wapiga vinubi huko Belfast, Ayalandi, 1792, kati ya Waayalandi kumi waliopiga, ni mzee Denis Hempson pekee aliyekuwa bado anazitumia. Kwa nailoni, kata fupi.

Swali (msomaji wa Himbi, Goma): Nikitaka mlio wa shaba, nifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni?

Jibu: Hapana, kaka. Seti ya nailoni huvuta kama kilo 40, ya chuma kama 70. Daraja litang'oka, au shingo itapinda. Tafuta gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya nyuzi za chuma, ulifunge nyuzi nyembamba.