Re: Kujua kila mashine inakula yuniti ngapi bila mita mpya

Habari mkuu. Kumbe mfumo wa jengo lenu hapo Arusha unatunza kumbukumbu za saa za kuwaka na kuzima kwa pampu na viyoyozi, ila yuniti za kila mashine huzijui. Kwanza angalia saa ya mfumo. Yetu Moshi ilikuwa nyuma saa tatu, pampu ya saa 12 asubuhi ikaonekana inawaka saa 9 usiku. Nilimlaumu mlinzi bure! Kisha pima ampea za mashine kwa klampu (kipimo kinachobana waya bila kuukata). Mfano, fezi tatu (ndiyo sababu ya 1.732), volti 400, ampea 18, pawafakta (sehemu ya umeme inayofanya kazi kweli) 0.85: 1.732 × 400 × 18 × 0.85, kama wati 10,600, yaani kilowati 10.6. Zidisha kilowati kwa saa ilizowaka, unapata yuniti. Feni ya inveta (kifaa kinachobadilisha mwendo wa mota) usiihesabu hivyo. Mwendo ukiwa nusu, umeme hushuka hadi karibu moja ya nane. Jumla ilinganishe na mita ya TANESCO. Lifti sijawahi kuzijaribu.